Kikohozi cha Jioni Sita

4 Februari

Mwanangu,

Natumaini hujambo, mume wako hajambo, na wale mapacha wameacha kung'atana. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kulia, ambalo limeamua kustaafu bila kunishauri. Jirani wa juu amenunua viatu vya mbao, na sasa najua anaamka saa ngapi na anasahau vitu vingapi jikoni. Binamu yako mwenye duka la miwani amepata mtoto wa tatu, wakampa jina refu mno. Nimemtumia shuka na pole.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu hainipi nafasi ya kufikiri kabla ya kusema uongo, nami kwa umri wangu sipendi kuharakishwa.

Sasa jambo lenyewe. Wenye kampuni ya kurekodi wameniambia kwamba kanda za maonyesho yangu ya kuaga zimepelekwa kwako, jioni zote sita, na kwamba wewe ndiye utakayechagua na kusafisha mpaka ipatikane kaseti moja ya kuuza madukani. Wanadhani wamekuchagua kwa ajili ya ufundi wako. Waache wadhani. Ni mimi niliyewaambia kwamba sitii sahihi mpaka kazi iende kwa mtoto wa kaka yangu. Fundi mgeni angemsikia mwanamke wa miaka sitini na miwili akiimba nyimbo za msichana wa ishirini, na angecheka. Wewe pia utacheka, lakini wewe umelelewa.

Sitaki kusikia kiti kikilia. Sitaki yule bwana wa Jumatano anayecheka kabla mzaha haujafika. Na zaidi ya yote, vikohozi. Ondoa vikohozi vyote, kisibaki hata kimoja. Makofi usiyaguse. Tena kama kuna njia ya kuazima makofi ya Jumamosi na kuyapeleka Jumanne, ambako watu walikuwa wametoka kazini wamechoka, mimi sitauliza yalifikaje huko.

Baba yako usimwambie lolote. Si kwamba atauliza.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda kuliko ninavyokuandikia.


19 Februari

Shangazi wangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Kung'atana kumepungua: sasa mmoja anang'ata na mwenzake anang'atwa, kwa hiyo angalau kuna utaratibu. Mume wangu anakusalimu na anauliza kama goti umelipeleka hospitali au umelisuta tu.

Baba hajambo. Hakukuulizia, kama kawaida yake, na kama kawaida yake hakukuulizia kwa sauti kubwa. "Mimi sijauliza hali ya mtu," alisema juzi, "lakini nadhani yule dada yangu bado anapanda zile ngazi zote mpaka ghorofa ya pili." Nikamwambia bado. Akasema hakuuliza.

Anakuja hapa kazini kila siku saa nne na chupa ya chai, anakaa kwenye benchi ukumbini. Tangu astaafu ukaguzi wa shule amekosa cha kukagua, basi ananikagua mimi. Siku kanda zako zilipofika aliona maandishi kwenye maboksi, akasema maneno unayoyajua kuhusu michezo ya kuimba: "Mtu mzima akiulizwa saa, anataja saa. Haimbi beti tatu akizunguka meza." Lakini hakuondoka mpaka saa nane.

Chumba ninachofanyia kazi kilikuwa ghala la magodoro, na mpaka leo magodoro yamo, yamepigiliwa ukutani ili sauti isitoke nje. Humo ndani nimekusikiliza siku tisa. Siku ya kwanza nilikuwa na daftari la kuandika makosa, na mwisho wa kanda daftari lilikuwa jeupe. Sauti yako imeshuka, shangazi, huo ni ukweli, lakini imeshuka kama mtu anavyoshuka ngazi akiwa amevaa vizuri. Samahani kwamba sikuwepo. Unajua mapacha walikuwa wagonjwa.

Viti nimeviondoa. Bwana wa Jumatano nimemwondoa pia, ingawa alikuwa amekupenda sana. Makofi ya Jumamosi sitayahamisha. Watu wa Jumanne walipiga yao kwa shida na wana haki ya kubaki nayo.

Kuna kikohozi kimoja kinachonisumbua. Kimo katika kanda ya Jumatatu, kwenye "Funga Mlango Taratibu", pale kabla ya ubeti wa mwisho, bendi inaponyamaza na wewe pia unanyamaza. Ni sekunde sita za ukimya. Katikati yake mtu anakohoa mara mbili, kikohozi kikavu, kisha anasafisha koo kama anayetaka kutoa hotuba, halafu anaghairi. Kimenaswa na maikrofoni ya kushoto, iliyoning'inizwa juu ya viti vya nyuma, karibu na nguzo. Je, unakumbuka nani alikaa upande ule?

Wako mtiifu, isipokuwa kwenye makofi.


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti nililipeleka. Daktari ni mdogo kuliko viatu vyangu vya jukwaani, akaniambia nipunguze ngazi. Nikamuuliza nipunguze ngapi na nizipeleke wapi. Aliandika kitu kwenye karatasi.

Umeniuliza nani alikaa nyuma ya nguzo. Mwanangu, ukumbi ule ulikuwa na viti mia nne, na tangu niage wameugeuza duka la samani. Nimepita juzi, pale nilipoimba wameweka kabati. Nyuma ya nguzo hukaa watu waliochelewa na watu ambao hawana haja ya kuona. Sikuwa na orodha yao.

Lakini kwa kuwa umeutaja wimbo huo, nitakuambia jambo ambalo wewe ulisimuliwa kwa upande wa baba yako, yaani hukusimuliwa. Miaka ishirini na miwili iliyopita nilipewa nafasi ya kwanza ya mhusika mkuu. Niliigiza mwenye nyumba ya kupangisha. Mpangaji anayempenda anaondoka asubuhi, naye hajui kumwambia abaki, basi anamwambia afunge mlango taratibu. Watu wanacheka mwanzoni mwa wimbo, na mwishoni hawacheki. Nilimwekea kaka yangu kiti safu ya tatu, katikati. Alikuja amevaa suti ya kazini. Nilimwona. Nikafika kwenye zile sekunde sita, nikanyamaza, ukumbi mzima ukanyamaza, na baba yako akainuka, akapita mbele ya magoti ya watu wanane, akatoka. Nilibaki naimba na kiti kitupu.

Wapo wanaosema alitoka kwa aibu, kwa sababu gauni langu halikufika magotini. Mimi sikusema kitu. Nilimwandikia tu barua ya kurasa nne. Mtu aliyeandika ripoti maisha yake yote, juu ya chaki na vyoo na madawati mabovu, hakupata mstari mmoja wa kumjibu dada yake. Tangu hapo tumekutana misibani. Anasema pole, nasema ahsante. Msiba ukiwa wa upande wake, tunabadilishana.

Kifute hicho kikohozi. Usinitafutie aliyekohoa.

Shangazi yako.


25 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mapacha walipata tetekuwanga, mmoja kwanza kisha mwenzake siku ya kumi na mbili, kwa mpangilio ambao baba aliusifu. Sasa wamepona, nasi wazazi ndio tunaoonekana wagonjwa.

Ahsante kwa kunisimulia. Sikuwahi kuijua habari ya kiti cha safu ya tatu.

Kuhusu kikohozi, kazi imekuwa ngumu. Wazo langu lilikuwa rahisi: ukimya wa Jumatatu una doa, basi nitaukata niuweke ukimya wa jioni nyingine. Nikaenda Jumanne, kuna kikohozi. Jumatano, kipo. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, kipo. Pahali pale pale, mara mbili na kusafisha koo, maikrofoni ile ile ya kushoto. Ni mtu mmoja, shangazi. Alikuja jioni zote sita, akakaa upande mmoja, akakohoa mahali pamoja. Nimejaribu kumwondoa na mashine yangu haiwezi. Akitoka yeye, pumzi yako inatoka naye.

Karatasi imebaki nafasi, nikupe habari za nyumbani. Utakumbuka kwamba wiki ile ya maonyesho yako baba alisafiri kwenda kwenye mkutano wa wakaguzi wastaafu. Alibeba begi dogo na kuvaa ile kofia yake ya pama. Basi wiki iliyopita nimekutana posta na mwenyekiti wao. Akaniuliza baba ana kinyongo gani na chama, mbona mwaka wa tatu huu hajatia mguu mkutanoni. Nikasema nitamfikishia salamu. Sijazifikisha.

Ubishi wake nao umezidi. Ukimsemesha anakujibu jambo lake. Jana nilimwambia mvua inakuja, akaniambia yeye ameshakula.

Je, wiki ile ulipata wageni wowote kutoka huku kwetu? Nauliza tu.

Mwanao.


6 Aprili

Mwanangu,

Nafurahi mapacha wamepona. Mimi sijambo.

Umenidanganya. Nimekwenda kwa fundi mwingine hapa mjini, nikamweleza bila kutaja majina, akaniambia kazi hiyo ni ya dakika kumi na kikombe cha chai. Nimekaa jukwaani miaka thelathini na minane na ninamjua mtu anayeigiza kushindwa.

Kitoe. Kama mkono unakuuma, nitawaambia kampuni wazihamishe kanda. Mtu anaweza kuwa na sababu zake za kukaa gizani amevaa kofia mpaka machoni, na si kazi ya fundi wa sauti kumwashia taa.

Sikupata wageni.

Shangazi yako.


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wazima wote.

Mimi nilikuandikia habari za kikohozi. Kikohozi hakivai kofia. Kofia niliitaja kichwani mwa baba, safarini, na hukuniuliza alikuwa anakwenda nayo wapi.

Basi na tuache kuzungushana. Nilikudanganya, mashine inaweza. Na wewe umenidanganya, kwa sababu unamjua. Mimi nilimjua kwenye kanda ya Jumatatu, kabla hajamaliza kusafisha koo. Ndivyo alivyokohoa tulipomzika mama. Ndivyo alivyokohoa nilipoolewa, mpaka shemeji yangu mmoja akamletea maji. Baba halii, anakohoa.

Sasa nikueleze lililotokea Jumanne iliyopita. Alikuja saa nne na chupa yake. Nilikuwa mlangoni nyuma yake, nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena kwa sauti, nikadhani ni ule ubishi. Mara ya tatu nilipiga makofi karibu na kichwa chake, shangazi, kama mtu anayefukuza ndege. Aliendelea kumimina chai. Alipoona kivuli changu ukutani ndipo akageuka na kuniuliza kwa nini nimesimama kama mwizi.

Nikamuuliza kwa ishara, nikigusa sikio langu. Akaweka kikombe chini. Kisha akatoa kadi ya hospitali kwenye mfuko wa shati, kama mwanafunzi anayetoa ripoti mbaya.

"Tangu lini?" nikamuuliza, mdomo wangu ukiwa karibu na sikio lake la kulia.

"Tangu mwaka juzi. La kushoto limekwisha. La kulia daktari anasema linafungasha."

"Mbona hukusema?"

"Ungepiga kelele. Nisingezisikia. Ingekuwa kazi bure."

Basi sikupiga kelele. Nilimshika mkono nikamwingiza kwenye chumba cha magodoro, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamvika hedifoni. Nikapandisha sauti mpaka kiwango ambacho mimi nisingevumilia. Nikaweka Alhamisi, "Funga Mlango Taratibu".

Alikaa kama mkaguzi, mikono juu ya magoti. Ukafika ukimya, na akajisikia akikohoa. Akavua hedifoni.

"Nani huyo anakohoa?"

"Sijui, baba."

"Hana adabu." Akaigeuza hedifoni mkononi. Halafu akasema, "Labda ana sababu." Akaivaa tena mwenyewe, akaniashiria nirudishe mwanzo. Niliurudisha mara nne.

Baada ya hapo alizungumza akitazama ukuta. Alisema siku ile ya suti koo lilimbana ghafla, na hakuwa na mafua. Akaona atakohoa katikati ya ukimya wako akuharibie, basi akatoka. Alidhani atakohoa nje mara mbili na kurudi. Lakini mlinzi wa mlango akamwambia aliyetoka baada ya mapumziko harudi tena. "Nikamwambia aliye jukwaani ni dada yangu," baba alisema. "Akaniambia wote husema hivyo." Akasimama nje ameegemeza sikio kwenye mlango mpaka makofi ya mwisho. Wiki hiyo hiyo ikaja barua yako.

Nikamuuliza kwa nini hakujibu.

"Mtu amekuandikia kurasa nne kukueleza wewe ni nani," alisema. "Unamjibu nini? Kwamba ulikuwa unakohoa?"

Nikamuuliza na wiki ile ya kofia, alikwenda kufanya nini. Akasema alikwenda kwenye mkutano wa wakaguzi. Nikamwambia sawa.

Kanda ziko hapa. Niambie nifanye nini.

Mwanao.


11 Mei

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara tano, na goti halihusiki.

Nilimjua jioni ya kwanza. Baba yako hajawahi kujua kujificha. Tulipokuwa watoto, tukicheza, alikuwa anasimama katikati ya uwanja na kufumba macho yake mwenyewe. Sasa nani mwingine angekaa ndani ya ukumbi wenye joto lile amevaa kofia ya pama? Jumatatu nilijiambia macho yamezeeka. Jumanne nilihakikisha. Jumatano niliimba wimbo mzima nikielekea kwenye nguzo, mpaka mpiga piano akaniuliza kama nimelalia shingo vibaya.

Kila jioni baada ya onyesho nilikaa chumba cha kuvalia, mlango wazi, nikasema leo atakuja. Watu walikuja na maua. Mmoja alikuja na hati ya mchezo wake mwenyewe, wenye nyimbo arobaini. Yeye hakuja. Na mimi nina miguu, ningeweza kuinuka na kwenda barazani. Sikuinuka. Jioni sita, mwanangu, watu wawili wazima wenye akili zao.

Unataka kujua kwa nini nilitaka kikohozi kitoke. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Ukoo mzima utainunua kaseti ile, wengine kwa mapenzi na wengine kwa umbeya, na hakuna hata mmoja asiyekijua kikohozi kile. Mtu amesafiri kutwa nzima na kukaa nyuma ya nguzo ili asijulikane, mimi ni nani nimtangaze? Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu nyingine ni kwamba kama alikuja, basi huenda hata mara ile ya kwanza hakutoka kwa kunidharau, na mimi sijazoea kukosea kwa kurasa nne.

Habari ya mlinzi wa mlango sikuijua. Namkumbuka mtu yule. Alikuwa mkali, tulikuwa tunamsifu.

Habari ya masikio sijui niiwekee maneno gani, kwa hiyo naiacha bila maneno.

Usikitoe kikohozi. Chagua jioni ambayo kinasikika vizuri zaidi, hata kama siku hiyo mimi sikuimba vizuri zaidi. Kampuni wakiuliza, waambie ndiyo maana ya kurekodi mbele ya watu. Lakini kwake usiseme kwamba najua. Mwache na mkutano wake wa wakaguzi.

Shangazi yako.


28 Julai

Shangazi wangu,

Shikamoo. Mapacha wameanza shule, na mwalimu ameshaniita. Mume wangu amepewa zamu ya asubuhi. Nimesikia binamu mwenye duka la miwani ameweka picha ya kaseti yako dirishani, katikati ya miwani ya jua.

Nilichagua Alhamisi. Kampuni waliniuliza mara mbili kama nimesahau kile kikohozi. Niliwajibu kama ulivyonielekeza, wakaona nina falsafa.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya gazeti la Jumapili iliyopita. Nadhani huko halijafika, au limefika na umeamua kunyamaza. Yule mwandishi wa mambo ya sanaa amekusifu safu nzima. Amesema hakuna rekodi ya jukwaani iliyomfanya asimamishe kazi zake kama hii. Mwishoni akaongeza kwamba inasikitisha, katika ukimya bora kabisa wa kaseti nzima, mafundi kuacha kikohozi cha mtu mmoja ambaye bila shaka aliingia ukumbini kukwepa mvua.

Baba hulisoma gazeti lote, pamoja na matangazo ya vifo na ya viwanja. Nilimwona amefika hapo. Alisoma, akarudia, akakunja gazeti mara nne mpaka likawa dogo kama bahasha. Hakunywa chai. Akaniomba karatasi isiyo na mistari na kalamu.

Aliandika kwa saa nzima kwenye benchi la ukumbini. Kisha akaniletea nikague tahajia. Mtu huyu, shangazi, alikuwa ananirudishia barua zangu za bweni akiwa amezisahihisha kwa wino mwekundu. Hakukuwa na kosa. Nilinakili neno kwa neno kabla sijaipeleka posta, nami niliipeleka mbio asije akabadili nia. Inasema hivi:

"Kwa Mhariri. Mwandishi wako wa sanaa amekosea mambo matatu. Kwanza, wiki ile mvua haikunyesha hata siku moja. Pili, mtu aliyekohoa aliingia kwa tiketi halali, na aliingia jioni zote sita. Tatu, mtu huyo anaujua muziki kidogo kuliko mwandishi wako, lakini anamjua mwimbaji tangu siku aliyozaliwa, kwa kuwa mwimbaji ni mdogo wake. Mtu huyo ni mimi. Sikuwa na mafua. Miaka ishirini na miwili iliyopita nilitoka katikati ya wimbo huo huo, na haikuwa kwa sababu ambayo watu wamekuwa wakiitaja. Safari hii nilikaa mpaka mwisho. Nawaomba radhi walionunua kaseti. Dada yangu nitamwomba mwenyewe. Mkaguzi wa shule, mstaafu."

Wameichapa leo, ukurasa wa sita, bila kupunguza neno. Majirani wameanza kuja. Yeye amejifungia, anasema hasikii wakibisha hodi, na kwa mara ya kwanza hatuwezi kumbishia.

Mwanao.


9 Agosti

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Nasema sisi kwa sababu yupo hapa. Alifika Jumamosi na begi dogo, akapanda ngazi zote, akasimama mlangoni anahema, akaniambia taa ya ghorofa ya kwanza haiwaki na ni hatari. Nikamwambia apite.

Hajaomba radhi bado. Nami sijaomba. Siku ya kwanza alikagua jiko langu, akakuta bomba linalovuja na visu visivyokata. Siku ya pili alivinoa. Nazungumza naye upande wa kulia, kwa sauti ya ukumbi wa viti mia nne, na jirani wa juu sasa ndiye anayelalamika.

Jana mchana alikaa muda mrefu anaitazama piano, kisha akaniambia niimbe. Nikamuuliza upi. Akasema ninajua upi. Nikamuuliza atasikiaje. Alivuta kiti, akaja akakaa ubavuni mwangu, sikio la kulia limenielekea, karibu mno kama fundi saa anayesikiliza saa.

Nikaimba. Sikuwa nimejiandaa, na mtu akiwa karibu hivyo unababaika. Katika ubeti wa pili nilikosea neno. Akanisahihisha.

Shangazi yako.